Vipozamataza wa Nyanda za Majani: Jina Moja, Spishi Ngapi?

Ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, pale kivuko kinapofika Kamanga katika Wilaya ya Sengerema, nchi ni ile inayofahamika kote kandokando ya Ziwa Viktoria: miamba mikubwa ya matale, mashamba ya mihogo, mahindi na pamba, na kati yake nyanda za majani wanamolishwa ng'ombe. Katika nyanda za namna hii, kuzunguka ziwa hadi Kenya na Uganda, huishi ndege mdogo ambaye watu wengi humsikia bila ya kumtambua. Kwa ukubwa amzidi shomoro kidogo. Mgongo wake una michirizi ya kahawia na nyeusi, mfano wa udongo uliofunikwa na majani makavu, na arukapo mabawa yake huonyesha rangi ya kutu. Dume hutua juu ya kichuguu au nguzo ya uzio, huinua kishungi chake kifupi chekundu, kisha hupiga mbinja nyororo ya sauti mbili au tatu ambayo huirudia kila baada ya sekunde chache.

Huyo ndiye kipozamataza kisogo-chekundu. Mtaalamu Andrew Smith alimpa jina la kisayansi mwaka 1836 kutokana na ndege wa Afrika ya Kusini, na tangu hapo ndege wote waliofanana naye, kutoka huko hadi Afrika Mashariki na Magharibi, walikusanywa chini ya jina hilo moja. Mwaka 2024 jopo la watafiti lilitoa hoja kwamba chini ya jina hilo walikuwa wamefichwa ndege kadhaa wa spishi mbalimbali.

Makala haya yanaeleza jinsi hoja ya namna hiyo inavyojengwa, ni ushahidi gani unaokubaliwa na upi unaodanganya. Jambo hili si mchezo wa majina. Ndege asiyetofautishwa na wenzake hahesabiwi peke yake, na asiyehesabiwa aweza kutoweka pasipo mtu yeyote kujua kwamba alikuwapo.

Familia ya vipozamataza

Elimu ya uainishaji hupanga viumbe katika makundi yanayoingiliana kama vyungu vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine. Spishi zinazokaribiana sana huwekwa katika jenasi moja. Jenasi zinazokaribiana huwekwa katika familia moja. Vipozamataza wote ni wa familia Alaudidae, yenye spishi zipatazo 100. Bara la Afrika ndilo lenye spishi nyingi kuliko mabara yote. Amerika ina spishi moja tu ya asili, na Australia vivyo hivyo.

Mwanafunzi aweza kuuliza: kipozamataza hujulikanaje? Rangi si dalili ya kutosha. Katika majani yale yale ya kandokando ya ziwa huishi ndege wa jenasi Anthus, ambao nao ni wembamba, wa kahawia, wenye michirizi kifuani, na hutembea chini kwa miguu. Carolus Linnaeus mwenyewe, baba wa uainishaji wa kisasa, aliwachanganya. Katika kitabu chake cha mwaka 1758 aliwaweka ndege hao pamoja na vipozamataza katika jenasi moja aliyoiita Alauda. Leo wamewekwa katika familia nyingine kabisa, ya Motacillidae.

Dalili iliyowatenga imo mguuni. Ndege wengi waimbao wana muundi ambao nyuma yake ni mwembamba na laini, usio na magamba. Muundi wa kipozamataza ni wa mviringo, na nyuma yake umepangwa magamba kama ulivyo mbele. Dalili hii ndogo, ambayo mtu hawezi kuiona ila amshike ndege mkononi, ndiyo iliyotumika kwa muda mrefu kuitambulisha familia nzima. Uchunguzi wa chembe za urithi uliofanywa baadaye uliithibitisha familia hiyo, na ukaleta jambo ambalo hakuna aliyelitazamia: jamaa wa karibu kabisa wa vipozamataza ni ndege mmoja wa matete ya Ulaya na Asia, aitwaye kwa sayansi Panurus biarmicus, ambaye hafanani nao kwa umbo wala kwa makao.

Kwa nini rangi hudanganya

Vipozamataza hutaga mayai chini, hula chini, na wengi wao hulala chini. Katika nchi isiyo na miti, kinga yao dhidi ya mwewe na kipanga ni kutoonekana. Ndege ambaye mgongo wake umelingana na udongo wa mahali pake huishi na kuzaa. Yule anayetofautiana na udongo huliwa mapema. Vizazi vikipita, ndege wa udongo mwekundu huwa wekundu, wa udongo mweusi wa mbuga huwa weusi zaidi, na wa mchanga huwa wepesi wa rangi.

Matokeo yake ni mtego wenye pande mbili kwa mwenye kuainisha. Kwa upande mmoja, ndege wa spishi moja waweza kuwa na rangi mbalimbali kwa sababu tu wameenea katika udongo wa namna nyingi. Kwa upande wa pili, ndege wasio na undugu wa karibu waweza kufanana kama mapacha kwa sababu wanaishi katika udongo wa namna moja. Hata mdomo hauaminiki sana, kwa maana huwa mnene au mrefu kulingana na chakula. Wataalamu wa karne ya 19 na ya 20, waliofanya kazi kwa kulinganisha ngozi zilizokaushwa katika makumbusho ya Ulaya, walikuwa na vitu viwili tu vya kupima, navyo ni rangi na vipimo vya mwili. Waliona tofauti nyingi, lakini hawakuwa na njia ya kujua ni ipi ya juu juu na ipi yenye mizizi.

Jenasi iliyovunjwa

Mfano mwema ni jenasi Mirafra. Iliundwa mwaka 1821 na Thomas Horsfield kwa ajili ya ndege wa kisiwa cha Java, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Baada ya hapo, kila alipoonekana kipozamataza wa Afrika au Asia mwenye mabawa mafupi ya mviringo, mdomo wa wastani na rangi ya kutu bawani, alitiwa humo. Hatimaye jenasi hii ikawa na spishi zaidi ya 20, na kipozamataza kisogo-chekundu alikuwa mmoja wao, kwa jina la Mirafra africana.

Mwaka 2013 uchunguzi wa chembe za urithi wa familia nzima, ulioongozwa na Per Alström wa Uswidi, ulionyesha kwamba umbo la mwili limewapotosha wataalamu mara nyingi. Jenasi kadhaa hazikuwa ukoo mmoja. Mwaka 2023 Alström na wenzake walichapisha uchunguzi mpana zaidi, na ndani yake wakapendekeza Mirafra igawanywe katika jenasi nne zifuatazo:

Kwanza, Mirafra yenyewe, iliyobaki na yule ndege wa Java pamoja na jamaa zake wa Afrika. Miongoni mwao ni Mirafra cantillans wa nchi kavu, Mirafra albicauda apendaye udongo mweusi wa mbuga, ambaye Reichenow alimpa jina mwaka 1891, na Mirafra williamsi apatikanaye kaskazini ya Kenya peke yake. Wengi wao huimba wakiwa angani.

Pili, Plocealauda, yenye spishi za Asia tu.

Tatu, Amirafra, ambamo yumo Amirafra rufocinnamomea, kipozamataza mpiga-mabawa, anayepatikana sehemu nyingi za Tanzania zenye miti na majani.

Nne, Corypha, jina lililotungwa na G. R. Gray mwaka 1840 na kuachwa, kisha likafufuliwa. Humo ndimo alimohamishiwa kisogo-chekundu, ambaye sasa ni Corypha africana.

Majina haya hayakutungwa upya. Kanuni za majina ya wanyama huamuru kwamba jina la zamani lililotolewa kihalali ndilo litumike. Kwa hiyo jenasi inapovunjwa, watafiti hurudi katika maandiko ya zamani kutafuta kama kila kipande kiliwahi kupewa jina. Kanuni hizo huacha pia alama ambayo mwanafunzi aweza kuisoma. Zamani iliandikwa Mirafra africana A. Smith, 1836. Leo huandikwa Corypha africana (A. Smith, 1836). Mabano hayo yana maana: huyu ndiye aliyemtambulisha ndege, lakini jenasi aliyomweka siyo aliyomo sasa.

Mgawanyo huu unafundisha jambo jingine. Mpiga-mabawa wa jenasi Amirafra hupaa juu na kutoa mlio wa mabawa yake, mfano wa mtu anayekung'uta kitambaa kwa haraka. Kusini mwa Afrika wapo vipozamataza wengine wenye sifa ya kupiga mabawa kwa kishindo, Corypha apiata na Corypha fasciolata, ambao ni wa jenasi ya kisogo-chekundu. Desturi ni moja, koo ni mbili. Kama ilivyo kwa rangi, kufanana kwa desturi peke yake si cheti cha undugu.

Hesabu ya kisogo-chekundu

Baada ya jenasi kupangwa, lilibaki swali la spishi. Katika kundi la kisogo-chekundu na jamaa zake wa karibu, watangulizi walikuwa wamekwisha kutambua aina 31 za ndege, zilizogawanywa katika spishi tano, nyingi zikiwa nususpishi. Nususpishi ni kundi la spishi moja linalokaa eneo lake na lenye tofauti ndogo za kuonekana. Mwaka 1900, kwa mfano, Ernst Hartert alizipa majina mbili za Afrika Mashariki: athi, kutokana na tambarare za Mto Athi nchini Kenya, na tropicalis, jina linalotumika kwa ndege wa pande za Ziwa Viktoria.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulikusanya kila ushahidi uliopatikana kuhusu aina hizo: rangi na vipimo vya mwili, chembe za urithi, nyimbo, na mienendo. Ulionyesha kwamba ukoo huo una matawi makuu manane, na kwamba matawi ya mbali yaliachana yapata miaka milioni sita iliyopita. Wengine walioitwa Corypha africana walikuwa na undugu wa karibu zaidi na ndege wa spishi nyingine kuliko na wenzao wa jina moja. Ni kama ukoo ambamo binamu wameandikwa kuwa ndugu wa tumbo moja, na ndugu wa tumbo moja wakaandikwa kuwa wageni. Watafiti hao walipendekeza spishi tisa badala ya tano.

Kwa wasomaji wa Kanda ya Ziwa, yafaa kuulinganisha muda huo na umri wa ziwa lenyewe. Wanajiolojia hukadiria kwamba bonde la Ziwa Viktoria lina umri wa miaka 400,000 hivi, na kwamba ziwa lilikauka na kujaa tena miaka 15,000 hivi iliyopita. Matawi makuu ya vipozamataza hawa yalikwisha achana kabla ziwa halijakuwapo. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba maji ya ziwa ndiyo yaliyowatenga ndege hao hapo mwanzo, ingawa leo maji hayo ni mpaka kwa ndege wa nyanda za majani.

Wimbo: lahaja au lugha?

Ikiwa rangi hudanganya, kwa nini wimbo usadikiwe? Jibu limo katika maana yenyewe ya spishi. Mwaka 1942 Ernst Mayr alieleza kwamba spishi ni kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao, na ambao hawazaliani na makundi mengine katika hali ya asili. Maelezo haya yamejadiliwa sana tangu hapo, lakini yamebaki kuwa msingi wa mafundisho ya sekondari. Sasa, rangi ya mgongo wa kipozamataza hulenga kumficha machoni pa mwewe. Wimbo wake hulenga jike na dume jirani. Ndege wa kike asipoutambua wimbo kuwa ni wa kwao, hamkaribii mwimbaji. Na wasipokaribiana, hawazai. Wimbo basi ni mlango wenyewe wa kuzaliana.

Hata hivyo pana tahadhari. Si kila tofauti ya sauti ni tofauti ya spishi. Katika miaka ya 1970 Robert Payne alichapisha uchunguzi wake juu ya midundo ya mabawa ya kipozamataza mpiga-mabawa. Aliona kwamba madume majirani hupiga kwa mpangilio mmoja, na kwamba mpangilio hubadilika mtu akisafiri mwendo fulani. Hizo ni lahaja. Mtu wa Mombasa na mtu wa Unguja hutamka maneno kadhaa kwa namna tofauti, lakini huelewana na kuoana. Hakuna asemaye kwamba wana lugha mbili. Mwenye kuainisha hana budi kupambanua lahaja na lugha, na hawezi kufanya hivyo kwa kumsikiliza ndege mmoja. Huhitaji nyimbo za ndege wengi, kutoka mahali pengi, zilizoandikiwa tarehe na mahali.

Sauti ya mabawa yenyewe ni kazi ngumu. R. Åke Norberg alionyesha mwaka 1991 kwamba mpiga-mabawa, anapotoa mlio wake angani, huongeza mapigo ya mabawa hadi mara 24 kwa sekunde, yaani maradufu ya mapigo ya kawaida. Dume dhaifu hawezi kuyadumisha. Jike asikilizaye hupata habari za ukoo wa dume na za nguvu zake kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo penye upungufu mkubwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2024 nyimbo zilipatikana kwa takriban nusu tu ya zile aina 31, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zikielezwa kwa mara ya kwanza. Mipaka ya spishi zilizopendekezwa haijajulikana yote: ni wapi moja inakoma na nyingine inaanza, na kama ziko mahali zinapoishi pamoja. Orodha mbalimbali za ndege duniani huchukua muda kuyapima mapendekezo ya namna hii kabla ya kuyapokea, na ndivyo ipasavyo.

Uainishaji pia huunganisha

Asidhani mtu kwamba wataalamu hupenda kuzidisha spishi tu. Ushahidi ule ule unaogawa huunganisha pia. Katika uchunguzi huo huo, ndege wa Somalia aliyekuwa akiitwa Corypha ashi alionekana kuwa si spishi ya peke yake, akaunganishwa na Corypha somalica.

Mfano ulio mzito zaidi watoka Ethiopia. Kulikuwa na jenasi Heteromirafra iliyohesabiwa kuwa na spishi mbili katika Pembe ya Afrika. Mmoja, archeri, alijulikana tangu mwaka 1920 kutokana na ndege wachache waliokusanywa Somalia ya kaskazini, kisha hakuonekana tena huko kwa miongo mingi. Wa pili, sidamoensis, alitambulishwa mwaka 1975 kutoka uwanda wa Liben, kusini ya Ethiopia. Baadaye waligunduliwa ndege wa namna hiyo karibu na Jijiga, mashariki ya nchi hiyo. Mwaka 2013 Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha matokeo ya kuzilinganisha chembe za urithi za ndege hao na zile zilizotolewa katika ngozi za zamani za makumbusho: wote walikuwa spishi moja. Kwa kanuni ya kutangulia, jina la mwaka 1920 likabaki, na la mwaka 1975 likawekwa kando. Ndege aliyedhaniwa kuwa amepotea kumbe alikuwapo, kwa jina jingine. Lakini hesabu ya spishi ilipungua kwa moja, na ndege hao wanaishi katika vipande vichache vya majani vinavyozidi kuharibika.

Kipozamataza wa Engikaret

Faida na hasara ya majina huonekana wazi hapa Tanzania. Kaskazini ya Mlima Meru, katika tambarare kavu za Engikaret mkoani Arusha, huishi kipozamataza mfupi wa mkia, asimamaye wima, mwenye ukucha mrefu ulionyooka katika kidole cha nyuma. C. W. Benson alimtambulisha mwaka 1966, akamwita beesleyi kwa heshima ya mtu aliyempata, J. S. S. Beesley. Kwa kuwa alifanana sana na Chersomanes albofasciata, ndege wa kawaida wa nchi kavu za kusini mwa Afrika, aliandikwa kuwa nususpishi yake ya mbali, aliyeachana na wenzake kwa zaidi ya kilomita elfu moja.

Kwa nusu karne hali ikawa hiyo. Orodha za dunia za ndege walio hatarini hupangwa kwa spishi. Chersomanes albofasciata ni wengi na wameenea; kwa hiyo katika orodha hizo spishi yote ilikuwa salama, na wale wa Engikaret walifunikwa na usalama wa jamaa zao wa mbali. Uchunguzi wa chembe za urithi wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba ndege wa Tanzania ameachana na wa kusini kwa muda mrefu mno asiweze kuhesabiwa nususpishi. Sasa hutajwa kuwa spishi kamili, Chersomanes beesleyi. Jenasi Chersomanes ina spishi hizo mbili tu, na moja haipatikani popote duniani isipokuwa Tanzania.

Makadirio yaliyofanywa yanaonyesha kwamba ndege hao hawafiki elfu moja. Huishi katika majani mafupi yanayolishwa mifugo ya Wamasai. Malisho ya kadiri huyafanya majani yawe mafupi kama wapendavyo. Malisho yaliyozidi huuacha udongo mtupu, na jembe huondoa makao yote. Siku ndege hao walipobadilishwa jina hapakuzaliwa hata kifaranga mmoja zaidi, wala hapakufa hata mmoja. Kilichobadilika ni kwamba yule aliyekuwa salama katika karatasi alionekana kuwa miongoni mwa vipozamataza walio hatarini zaidi Afrika, na serikali, wachungaji na wahifadhi wakapata sababu ya kumwangalia.

Swali hilo hilo lawahusu vipozamataza wa kisogo-chekundu. Kama Corypha africana ni spishi moja iliyotapakaa nusu ya bara, kupotea kwa uwanda mmoja wa majani ni hasara ndogo katika daftari. Kama ni spishi kadhaa, nyingine zikiwa na eneo dogo lisilojulikana mipaka yake, uwanda huo mmoja waweza kuwa sehemu kubwa ya yote waliyo nayo.

Kazi inayowezekana shuleni

Sehemu ya ushahidi unaokosekana haihitaji maabara. Shule ya sekondari iliyo karibu na nyanda za majani yaweza kuukusanya, na kazi yenyewe ni zoezi jema la Baiolojia.

Darasa lichague uwanda mmoja na kuuzuru asubuhi mapema, mara moja kila wiki, kwa mwaka mzima. Wanafunzi waandike tarehe, saa, mahali, rangi ya udongo, urefu wa majani, na kama kuna mifugo au shamba jipya. Kwa kila kipozamataza waulize maswali manne. Je, anaimba ametua au anapaa? Je, sauti yatoka kinywani au mabawani? Je, bawa linaonyesha rangi ya kutu arukapo? Je, mkia una weupe, na wapi? Majibu haya humtenga kisogo-chekundu, aimbaye juu ya kichuguu, na mpiga-mabawa alizaye mabawa angani, na Mirafra albicauda wa udongo mweusi, mwenye weupe katika manyoya ya nje ya mkia. Watawaona pia vipozamataza wa jenasi nyingine. Calandrella cinerea ana utosi mwekundu na kifua kisicho na michirizi. Eremopterix leucopareia ni mdogo, mwenye mdomo mnene, na dume lake lina mashavu meupe. Ndiyo maana ya jina lake.

Wimbo waweza kunaswa kwa simu ya mkononi, mradi mwenye kunasa ataje mwishoni mahali, tarehe na saa. Wanafunzi wakusanye pia majina ya ndege hawa kwa Kisukuma, Kizinza, Kikerewe na lugha nyingine za wenyeji, na kuwauliza wachungaji kama wanawatofautisha, kwa dalili gani. Viota visiguswe wala kusogelewa, maana nyayo za watu huweza kumwongoza adui hadi kwenye kiota. Kumbukumbu zilizoandikwa vyema zaweza kupelekwa katika idara za elimu ya wanyama za vyuo vikuu, na katika mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania ambao hukusanya taarifa za ndege kutoka kila pembe ya nchi.

Mwalimu asiwaahidi wanafunzi kwamba watagundua spishi mpya. Awaambie lililo kweli: kwamba mipaka ya spishi kadhaa za Afrika Mashariki haijachorwa bado, na kwamba itachorwa kwa nyimbo zilizonaswa na tarehe zilizoandikwa, uwanda hata uwanda, na watu wanaoishi karibu na ndege hao.